Nani Hulipia Ufagio wa Makumbusho?

Magari ya watalii yanayotoka Karatu, yakapita lango la Loduare na kuzunguka ukingo wa kreta ya Ngorongoro kuelekea Serengeti, mara nyingi huchepuka kwa muda mfupi kwenye Bonde la Olduvai. Juu ya ukingo wa bonde hilo yapo makumbusho aliyoyaanzisha mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey mwishoni mwa miaka ya 1970. Yaliongezewa ukumbi katika miaka ya 1990, na mwaka 2017 likafunguliwa jengo jipya. Ujenzi hupata wafadhili, hotuba na bango ukutani. Kazi inayoyaweka makumbusho hai haina sherehe: kufuta vumbi la kiangazi, kuandika kila kisukuku na kila zana ya jiwe kwenye daftari, kuziba paa kabla ya masika, kumlipa mwelezaji anayerudia habari ya tabaka za udongo kwa kundi moja baada ya jingine. Nashikilia kwamba msaada wenye thamani kubwa kuliko yote kwa makumbusho madogo ni ule unaolipia kazi hiyo, na kwamba jengo au kifaa kinachotolewa bila matunzo yake huwa mzigo kwa anayekipokea.

Ushahidi uko Laetoli, kilomita 45 hivi kusini mwa Olduvai. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua huko nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita, njia yenye urefu wa mita 27 hivi. Zilipokwisha kupimwa, kupigwa picha na kunakiliwa, zilifukiwa mwaka 1979 kwa mchanga wa mtoni, na mawe ya volkano yakapangwa juu. Kufukia kulikuwa uamuzi wa busara, maana majivu yale yaliyogandamana hayastahimili mvua wala jua. Lakini mchanga ulikuwa na mbegu za migunga, mawe yakahifadhi unyevu, na hapakuwa na utaratibu wa kudumu wa kung'oa miche. Miaka ikapita, miti ikasimama, mizizi ikashuka kuelekea kwenye nyayo. Ikabidi Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani ziue miti, zifukue tena mwaka 1995 na 1996, zitoe mizizi kwa uangalifu mkubwa, kisha zifukie upya kwa mchanga uliochekechwa na vitambaa vyenye dawa ya kuzuia mizizi. Safari hii mpango ulijumuisha walinzi na ukaguzi wa mara kwa mara, na viongozi wa kimila wa Kimaasai walishirikishwa kupabariki mahali hapo. Mche wa mgunga mtu huung'oa kwa mkono mmoja. Mzizi uliokwisha kuingia ndani ya unyayo huhitaji mabingwa, vibali na fedha za kigeni.

Vyombo vya majini navyo vina ushuhuda wao wa thamani ya matunzo yanayofanywa mapema. Meli ya mvuke Graf von Götzen, ambayo leo ni MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, lakini kwanza mafundi walipaka mitambo yake grisi nzito. Ilipoibuliwa mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini.

Wapo watakaouliza kwa nini Ngorongoro, yenye viingilio vya wageni wengi, izungumzie michango. Swali ni la haki. Ila Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambamo Olduvai na Laetoli zimo, hutunza eneo la kilomita za mraba 8,292 lenye faru, barabara, askari na maelfu ya wafugaji, na katika foleni hiyo daftari la visukuku si rahisi litangulie. Tena mapato ya utalii hukauka ghafla, kama mwaka 2020 ndege ziliposimama. Vumbi halikusimama.

Pingamizi zito zaidi ni la wafadhili wenyewe: jengo linaonekana, ilhali fedha za matumizi ya kila siku huliwa kimyakimya, na mshahara unaolipwa na mradi hufa mradi unapokwisha. Nalikubali kwa nusu. Mshahara wa mradi wa miaka mitatu kweli huacha pengo, na ndiyo maana kinachofaa ni mfuko wa kudumu ambao mtaji wake hauguswi, faida yake tu ndiyo hutumika. Lakini si kweli kwamba matunzo hayakaguliki. Vitu vilivyoorodheshwa mwaka huu vinahesabika, paa lililozibwa hukaguliwa kwa mvua ya kwanza, na kibuyu au shanga alizozitoa mzee wa kijiji cha Endulen ama ziko kwenye orodha pamoja na jina lake, ama hazipo. Ukaguzi wa namna hii hauhitaji mtaalamu kutoka nje. Mwalimu wa Karatu anayeleta wanafunzi anaweza kuufanya.

Mjini Karatu kwenyewe, serikali ya China imegharimia makumbusho ya jiopaki (eneo la urithi wa jiolojia) ya Ngorongoro-Lengai. Ni zawadi kubwa na nzuri. Wakati wa kuyaandikia bajeti ya matunzo, yenye wafanyakazi, umeme, dawa za wadudu na vipuri vya mitambo ya maonyesho, ni sasa, rangi ikiwa bado mbichi na wafadhili wakiwa bado wanapokea simu.