Fahamu: Upasuaji wa Kukuza Matiti na Maandalizi Yake

Tangu mwaka 1962, madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow wa Houston, Marekani, walipomtia mwanamke vipandikizi vya kwanza vya silikoni, upasuaji huu umeenea duniani, nasi twaona ni wajibu mwenye kuuazimia abainishiwe hakika yake kabla hajapewa nusukaputi.

Ajue kwanza kwamba vipandikizi si vya maisha: huweza kupasuka, au kubanwa na kovu gumu linaloota kuvizunguka, na aghalabu huhitaji kubadilishwa baada ya miaka kadha, basi gharama haiishi siku ya kwanza. Mwaka 2021, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliagiza kila mgonjwa apewe orodha ya hatari hizo, ikiwamo saratani adimu ya limfu, aitie sahihi. Na daktari anayeona uzito kuzieleza, rai yetu ni aepukwe.

Tumbaku iachwe majuma kadhaa kabla ya upasuaji, kwani hubana mishipa ya damu na kuchelewesha jeraha kupona; aspirini na hata dawa za mitishamba zitajwe zote, maana baadhi yake huzidisha kutoka damu. Anayetaraji kunyonyesha aulize mapema, kwa kuwa maziwa huenda yakapungua.

Baada ya upasuaji hufuata maumivu, uvimbe na ganzi ya chuchu, ambayo kwa wengine haiondoki. Mizigo, hata mtoto wa kubeba, isiinuliwe mpaka daktari aruhusu. Homa, au titi moja kuvimba ghafla, ni sababu ya kurejea hospitali saa ileile.