Nilimzushia jirani kampa paka wangu sumu, kumbe mbaya wake kibua!

Msomaji wangu, kama unadhani kesi za nyumba za kupanga huletwa na umeme, zamu ya kufagia uwanja na wapenzi wa watu tu, basi hujawahi kufuga paka. Mimi nimefuga. Na nusura paka huyo anitoe Magomeni na godoro langu kichwani.

Paka mwenyewe anaitwa Mheshimiwa. Jina hilo sikumpa mimi, walimpa watoto wa nyumba, na likamkaa kwa sababu ya nyodo zake. Ukimwekea ugali anaunusa, anakutazama usoni, kisha anaparuaparua sakafu kama anafukia uchafu. Wali, hivyohivyo. Dagaa anakula siku akijisikia. Chakula chake kilikuwa kimoja tu: kibua wa kuchemsha, tena awe wa siku hiyohiyo, na miba nimtolee mimi. Washikaji zangu walinicheka sana, eti bachela mzima anamchambulia paka samaki huku mwenyewe anakula maharage.

Mimi nilikuwa naona fahari. Mjini hapa ukiwa na paka anayechagua, na wewe unajiona una hadhi kidogo.

Kasheshe ilianza Machi 2023. Mheshimiwa akawa anatapika. Mwanzoni nilidhani ni manyoya, maana paka akijilamba huyameza, na mara mojamoja huyatema yakiwa yamesokotana kama uzi. Lakini hiki kilikuwa chakula chenyewe, karibu kila baada ya siku mbili. Kikafuatia choo chepesi, chenye harufu ya kumtoa mtu chumbani. Kisha akaanza kujikuna kichwani na shingoni mpaka manyoya ya juu ya macho yakanyonyoka, ngozi ikabaki na vidonda vidogovidogo. Paka aliyekuwa kibonge, mbavu zikawa zinahesabika.

Na sehemu aliyoichagua kwa kutapikia ilikuwa koridoni, mbele ya mlango wa chumba cha tatu. Hapo anakaa mama mmoja muuza maandazi, mama wa watu, ambaye nilipougua malaria ndiye aliyenikorogea uji siku nne mfululizo. Saa kumi na moja alfajiri anatoka na beseni lake, mguu wa kwanza ndani ya matapishi. Siku ya kwanza alinyamaza. Siku ya pili akasema, "Mwanangu, mnyama wako ataniharibia biashara." Siku ya tatu akasema kwa sauti ya nyumba nzima kusikia, "Huyu paka ipo siku nitamkomesha!"

Neno hilo "nitamkomesha" ndilo lililoniponza.

SUMU!

Jumamosi moja ya Julai nimerudi kazini, nikamkuta Mheshimiwa amelala chini ya kitanda, hanyanyuki, pembeni katapika povu la njano. Sikufikiri mara mbili. Nilitoka uwanjani, watu wamejaa wanafua, nikamwambia yule mama mbele ya kila mtu kwamba amempa paka wangu sumu ya panya.

Uwanja ukawa kimya. Mama wa watu hakunijibu hata neno moja. Aliweka chini nguo aliyokuwa anakamua, akaingia chumbani, akafunga mlango. Tangu siku hiyo salamu zikafa. Kila nikipita namkuta kajifunga kanga yenye maneno ya kunichoma, na wenzake wanacheka chinichini. Habari zikamfikia mwenye nyumba. Akaniita na kutoa hukumu: paka atoke, la sivyo tutoke wote wawili mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo nilipomtia Mheshimiwa kwenye kapu la sokoni, nikafunika juu kwa wavu, nikapanda bajaji hadi kwa daktari wa mifugo. Na sitakuficha, msomaji: usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeshika mkononi nusu kidonge cha paracetamol, hizi za maumivu za dukani, nataka kumpa. Mshikaji mmoja alinishauri. Mheshimiwa akakataa kufungua mdomo, nikaacha. Daktari aliposikia alishika kichwa. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo kama wa binadamu, na hata kipande cha kidonge huharibu damu yake na kinaweza kumwua. Yaani muuaji ningekuwa mimi, huku nimemsingizia mtu.

Daktari, kijana aliyesomea Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamalizia kwa kumwomba aniandikie kwamba ni sumu. Akacheka. "Sumu ya panya haikai na paka miezi minne wakasikilizana," alisema. "Ingekuwa sumu, kaka, ungeshamzika zamani."

Akampima joto, akatazama fizi, akamminya tumbo, akakiangalia choo kwa darubini. Minyoo ilikuwepo, akampa dawa, akasema turudi baada ya wiki mbili. Tuliporudi paka alikuwa amechangamka kidogo, lakini kutapika na kujikuna viko palepale. Ndipo akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea: "Anakula nini?"

Nikajibu kwa majivuno: kibua kila siku, mwaka wa tatu huu, na maziwa kila usiku.

"Basi nadhani mtuhumiwa tumempata," akasema. "Kila jioni unamleta wewe mwenyewe, kwenye mfuko wa plastiki."

ANACHOKIPENDA NDICHO KINACHOMDHURU

Alianza na maziwa. Paka wengi wakishaacha kunyonya, tumbo lao hupungukiwa na nguvu ya kuivunja sukari ya maziwa. Sukari hiyo ikibaki utumboni huvuta maji na kuchacha, paka anaharisha. Hiyo si aleji, ni tumbo tu limeshindwa kazi. Dawa yake ni kuacha maziwa na kumwekea maji safi.

Aleji, au mzio, ni jambo jingine. Hapo kinga ya mwili inaikosea protini fulani ya kwenye chakula, inaiona adui, inaanza kupigana nayo. Paka anatapika, anaharisha, au anajikuna, hasa kichwani na shingoni. Wengine wanapata vyote kwa pamoja, kama wangu. Kwa paka wanaotajwa zaidi ni ng'ombe, samaki na kuku.

Nikabisha. Mbona kala samaki miaka yote bila tatizo? Daktari akasema ndivyo inavyokuwa: mwili huzoeana na kitu kwanza, ndipo ugombane nacho. Mara nyingi mbaya wa paka ni kile anachokula kila siku.

Nikaomba kipimo cha damu tumalize. Akasema vipimo vya damu vya aleji ya chakula kwa paka haviaminiki. Kipimo cha kweli kiko jikoni. Unatafuta nyama ambayo paka hajawahi kuionja, anakula hiyo tu kwa wiki nane. Tumbo mara nyingi hutulia ndani ya wiki mbili tatu, ngozi huchelewa. Akishatulia, unamrudishia kidogo kile cha zamani. Ugonjwa ukirudi, umepata uhakika.

Tukachagua sungura. Nikampata mfugaji Kigamboni. Kisha daktari akatoa sharti: katika wiki hizo asilambe kitu kingine chochote, hata tone la mchuzi. Usiku asitoke kuwinda. "Na nyumba nzima ikubali, maana mtu mmoja tu akimtupia kichwa cha samaki, mnaanza moja."

Nyumba nzima! Nyumba ambayo mtu mwenye sauti kuliko wote hanisemeshi.

RADHI YA UWANJANI

Nililala na jambo hilo siku mbili. Nilimtukana mtu hadharani, kwa hiyo radhi ya kunong'ona mlangoni isingetosha. Jumapili asubuhi, uwanja umejaa wafuaji kama siku ile, nikatoka na doti ya kanga. Nikasema mbele ya wote kwamba daktari amesema si sumu, kwamba nilimzushia mama yangu, na kwamba naomba radhi. Sauti ilikuwa inatetemeka, msomaji, mpaka mtoto mmoja akacheka.

Yule mama alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nikitaka kumwua huyu paka, vichwa vya samaki ninavyompa kila jioni ningempa vya nini? Si ndiye mlinzi wa unga wangu? Nilisema nitamkomesha kulala mlangoni kwangu, basi."

Vichwa vya samaki! Kila jioni! Kumbe tulikuwa wawili tunaomlisha ugonjwa, na wote tulikuwa tunampenda.

Alipokea kanga. Nilipomweleza masharti ya daktari, yeye ndiye aliyewakusanya watoto na kuwaambia atakayempa Mheshimiwa kitu ataona. Na kwa kuwa mlinzi wake alikuwa anafungiwa ndani usiku, panya walishangilia, ikabidi anunue mtego kwa pesa yake. Sumu hakutaka hata kuisikia.

Kazi ikawa kumshawishi Mheshimiwa mwenyewe. Siku ya kwanza alimnusa sungura, akaparua sakafu, akaenda kulala. Mshikaji akaniambia achana naye, njaa ikimshika atakula. Usithubutu! Paka asipokula siku mbili tatu, hasa aliyewahi kuwa mnene, mafuta hujaa kwenye ini na anaweza kufa. Daktari alinifundisha njia ya polepole: siku za mwanzo unachanganya na kibua kidogo, kila siku unapunguza, na wiki nane unaanza kuzihesabu siku kibua anapokwisha kabisa. Chakula kiwe cha uvuguvugu, maana paka huchagua kwa pua, na cha baridi hakinuki. Umpe kidogokidogo, na asipokula ndani ya nusu saa unaondoa. Mifupa iliyopikwa unaitoa yote, inavunjika kama vijiti vyenye ncha. Chumvi hapana. Kitunguu maji na kitunguu saumu marufuku kabisa, vinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Fikiria hapo makombo ya pilau tunayowamwagia!

Siku ya sita alimaliza sahani. Nilifurahi kama nimeshinda bahati nasibu.

Wiki ya pili choo kikaanza kushikamana, kutapika kukakoma. Siku ya 19, asubuhi, matapishi yaleyale. Damu ikanipanda, na nakiri macho yangu yalikwenda moja kwa moja chumba cha tatu. Kabla sijafungua mdomo, mtoto wa yule mama akaniambia, "Anko, mbona ukienda kuoga Mheshimiwa analamba sahani zako kwenye beseni?"

Beseni la vyombo lilikuwa kwenye kona ya chumba changu. Juzi yake nilikula changu wa nazi, nikajilalia bila kuosha. Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.

Tukaanza kuhesabu upya. Safari hii vyombo naosha usiku huohuo, hata kama nimechoka vipi. Wiki ya tatu tumbo likawa shwari. Wiki ya saba manyoya ya juu ya macho yakaanza kuota. Wiki nane zilipotimia nikampa kibua kidogo kama daktari alivyoagiza. Siku ya pili akatapika, siku ya nne akaanza kujikuna. Nikaacha, akapona tena. Kesi ikaisha na hukumu ikatoka: mkosaji ni samaki. Baadaye tukamjaribu kuku kwa wiki mbili, hakuna neno.

Usidhani basi sungura au kuku mtupu anatosha maisha yote. Paka anahitaji kitu kiitwacho taurini, kinachopatikana kwenye nyama, ambacho mwili wake hautengenezi cha kutosha. Mwaka 1987 watafiti wa chuo kikuu cha California, Marekani, walionyesha kwamba upungufu wake huharibu moyo wa paka. Unaweza pia kumharibu macho. Ukichemsha nyama, sehemu ya taurini inabaki kwenye maji, kwa hiyo supu usimwage. Leo Mheshimiwa anakula chakula cha paka cha dukani kilichokamilika, cha kuku. Lakini soma nyuma ya pakiti! Mbele wameandika kuku kwa herufi kubwa, nyuma kwa herufi za sisimizi unamkuta samaki. Bei yake si ya kitoto, na bia za Ijumaa nimezipunguza.

Kama paka wako anatapika mara nyingi kwa siku, ana damu kwenye choo, hajala siku nzima, au fizi zimekuwa njano, usianze majaribio ya jikoni. Mbebe umpeleke kwa daktari leo. Na minyoo iangaliwe kwanza kabla ya kutaja aleji.

Mwenye nyumba hajanigusia tena habari za kuhama. Mheshimiwa bado analala mlangoni pa chumba cha tatu, ubishi wake uko vilevile, na saa kumi na moja alfajiri mama anamruka na beseni lake la maandazi. Jana nimemwona kajifunga ile kanga niliyompa.

Nawe msomaji, siku paka wako akitapika, kabla hujamtazama jirani, tazama kwanza sufuria yako.