Mkazo wa Neno na Mdundo wa Wimbo: Kuwafundisha Vijana Utungaji kwa Hip Hop na Muziki wa Klasiki

Hip hop na muziki wa klasiki wa Ulaya hudhaniwa kuwa ni dunia mbili zisizokutana: moja ya mtaani, nyingine ya ukumbini. Kwa mwalimu anayewafundisha vijana wa sekondari kutunga nyimbo kwa Kiswahili, dhana hiyo ni kikwazo. Makala haya yanaonyesha kwamba muziki wa aina hizo mbili una msingi mmoja, na kwamba msingi huo hufichua tatizo la kiisimu ambalo mtungaji hana budi kulitatua, yaani mahali pa mkazo.

Msingi wenyewe ni marudio. Katika Kanoni yake mashuhuri, Johann Pachelbel (1653–1706) aliipa besi noti nane tu, zikarudiwa mara 28, huku fidla tatu zikiigana juu yake. Katika miaka ya 1970, huko Bronx, New York, DJ Kool Herc alitumia santuri mbili zinazofanana ili kurefusha kipande kifupi cha ngoma. Si ajabu basi kwamba mwaka 1997 Coolio alighani juu ya Kanoni hiyohiyo, naye Nas, mwaka 2002, akajenga wimbo wake «I Can» juu ya «Für Elise», kipande alichokitunga Beethoven mwaka 1810.

Mwanafunzi akishapewa besi inayorudiwa, hupiga makofi manne na kughani maneno yake. Hapo ndipo tatizo hujitokeza. Kijana wa Lubumbashi husikia sana nyimbo za Kifaransa, lugha ambayo uzito wake huangukia silabi ya mwisho ya kifungu. Akiiga mtindo huo, hutamka shambaNI badala ya shamBAni. Maneno huonekana hayaingii katika mdundo, naye husema kwamba Kiswahili hakifai. Kumbe kosa si la lugha, bali ni la kuliweka pigo zito mahali pasipo pake. Kosa hilo laweza hata kugeuza maana: baraBAra ni njia, baRAbara ni sawasawa.

Jambo hilo lahusu vina pia. Kwa kanuni ya shairi, «shambani» na «mjini» vina kina kimoja, -ni. Lakini katika kughani, pigo huangukia -ba- na -ji-, na sikio halisikii ulinganifu. «Shambani» na «dukani» hulingana zaidi, kwa kuwa -ani hubeba silabi yenye mkazo pamoja na ile ya mwisho.

Kwa hiyo kazi zagawanyika. Hip hop humfundisha kijana kulinganisha mkazo na pigo, bila kuhangaikia sauti ya kuimba. Baadaye, muziki wa klasiki humfundisha kwamba noti ndefu au ya juu nayo ni mkazo, hivyo isipewe silabi dhaifu bila sababu. Mwalimu amwombe kila mwanafunzi aseme mstari wake kama mazungumzo, aughani, kisha auimbe. Neno likibadilika njiani, mstari urekebishwe.

Mtungaji hodari aweza kuivunja kanuni hii kwa makusudi. Ila asiyeijua haivunji; hujikwaa tu.