Kwa nini dawa ya mtoto huchanganywa mbele yako

Mtoto amepandwa na homa usiku, ameshtuka degedege mara moja, na sasa amelegea begani. Kama mnatoka Jibondo au Juani, mmesubiri maji yajae, mkavuka kwa mashua hadi Utende, kisha mkatafuta usafiri wa kuwafikisha hospitali Kilindoni. Mnafika, kipimo kinaonyesha malaria kali. Muuguzi anatoa kichupa chenye unga mweupe kidogo chini kabisa, na kingine chenye majimaji. Anaanza kuchanganya, taratibu. Mzazi moyo unamwenda mbio: si wangeichanganya tangu mapema, ikakaa tayari?

Haiwezekani. Ikichanganywa mapema inakufa.

Dawa hiyo ni artesuneti. Ikiwa unga mkavu hukaa stoo muda mrefu bila neno, lakini ikishaguswa na maji huanza kuharibika, na inatakiwa itumike ndani ya saa moja. Inayobaki humwagwa. Kwanza unga huyeyushwa kwa majimaji ya baikaboneti, jamaa wa karibu wa magadi ya jikoni, na hutikiswa mpaka uwe angavu kabisa. Ndipo huongezwa maji ya chumvi ya dripu. Ikibaki na ukungu, haichomwi. Sindano hurudiwa baada ya saa 12 na tena ikitimia saa 24, kwa hiyo usishangae kuona kichupa kipya kikifunguliwa kila mara ilhali cha kwanza hakikwisha.

Usumbufu huo una faida yake. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti uliohusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesuneti, asilimia 8.5. Ukiwa umempakata mtoto wako, tofauti hiyo si ndogo.

Viwandani wazo hilohilo wamelipeleka mbali zaidi. Ipo mifuko ya dripu yenye vyumba viwili au vitatu, kwa ajili ya wagonjwa wasioweza kula kabisa: chumba kimoja sukari, cha pili viini vya protini, cha tatu mafuta. Katikati kuna mishono dhaifu. Muuguzi huukunja mfuko na kuuminya, mishono inaachia, vyote vinachanganyika ndani kwa ndani bila kuguswa na hewa. Huenda mzazi wa Mafia asiuone mfuko huo maishani, nao ni ghali, lakini sababu za kuvitenganisha atazielewa mara moja, maana zote ziko jikoni kwake. Sukari na protini vikipashwa moto pamoja ili kuua vijidudu hugeuka kahawia, kama andazi kikaangoni. Mafuta yakikaa na chumvi muda mrefu hujitenga, kama tui lililokatika. Na mifuko ya kusafishia damu ya wagonjwa wa figo huweka kalsiamu mbali na baikaboneti, kwa sababu vikikutana hutoa chokaa, ile ile inayoganda ndani ya birika.

Sasa turudi kwenye wodi zetu, maana hapa ndipo penye hatari. Seftriaksoni, sindano inayotumika sana kwa maambukizi makali, nayo huja ikiwa unga. Ikikutana na kalsiamu hufanya chembechembe ngumu, na dripu ya Ringer ina kalsiamu. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya vichanga kufariki, chembe hizo zikiwa zimekutwa kwenye mapafu na figo. Mtoto wa siku 28 au chini hapaswi kupewa seftriaksoni ikiwa anapata dripu yenye kalsiamu, hata kama ni kwa mishipa tofauti. Aliyezidi umri huo anaweza kupewa kimoja baada ya kingine, mrija ukisafishwa katikati. Kuuliza si ukorofi: "Samahani nesi, dripu hii na sindano hii zinaruhusiwa kwenda pamoja?" Nesi mzuri hatakasirika.

Nyumbani mchanganyaji ni wewe. Pakiti za zamani za ORS zilikuwa na baikaboneti pamoja na sukari, na kwenye joto la unyevu kama la pwani zilikuwa zikigeuka kahawia kabla hata ya kufunguliwa. Mwaka 1984 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walibadilisha kiungo hicho, na ndiyo maana za leo zinavumilia zaidi. Hata hivyo, unga uliogeuka kahawia, au ulioganda hata hauyeyuki, tupa.

Mimi mwenyewe niliwahi kugawa pakiti moja mara mbili, nusu asubuhi na nusu jioni, nikijiona nabana matumizi. Nilikosea. Unga ule ni chumvi na sukari zilizochanganywa, na ukimimina nusu kwa macho hujui umechukua kipi zaidi. Mimina wote, kwenye kiasi kilichoandikwa, iwe lita moja au nusu lita, na upime kwa chupa ya maji ya dukani ukiwa huna kipimo. Maji yawe yamechemshwa na kupoa. Yale ya kisima yenye munyu, ambayo sisi wa visiwani tumeyazoea, hayafai, yanazidisha chumvi. Wala usichanganye kwa madafu, hata kama minazi imejaa uani. Baada ya saa 24 mwaga, tengeneza mengine, na mtoto aendelee na vidonge vya zinki siku zote alizoandikiwa. Akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya au akilegea, hiyo si kazi ya kikombe tena. Chukueni chombo mwende.

Dawa za maji za antibiotiki zinazouzwa zikiwa unga ni hivyo hivyo. Ukishatia maji mpaka kwenye mstari, zina siku chache tu, kwa kawaida 7 hadi 14, kama lebo inavyosema. Iliyobaki haimngojei mdogo wake augue mwezi ujao. Andika tarehe uliyochanganya. Huku kwetu lebo hulowa na wino ukaondoka, kwa hiyo mimi huandika juu ya kifuniko.