Kumkata mtu kwenye picha: kwa nini sikio la mama lilipotea

Dada mmoja wa Makongolosi alitutumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu, na sehemu kubwa alikuwa analia. Alikuwa amefiwa na mama yake. Picha pekee aliyokuwa nayo kwenye simu ilikuwa ya harusi, mama amesimama katikati ya watu kumi na mmoja. Akaipeleka steshenari ili mama akatwe, awekwe peke yake kwenye rangi ya bluu, picha itangulie mbele ya jeneza. Iliporudi, mama hana sikio la kulia, kilemba kimenyooka upande mmoja kama kimekatwa kwa panga, na begani kuna vidole vya mtu mwingine. "Huyu siyo mama," alisema. Kisha akatuuliza: kosa ni la fundi, la kompyuta, au la picha yenyewe?

Tulilipeleka swali hilo kwa mafundi wawili wa studio tunaowaamini, nasi tukakaa nao wakifanya kazi. Jibu ni kwamba wote watatu wanahusika, ila picha yenyewe ndiyo yenye mzigo mkubwa.

Tuanze na picha ni kitu gani. Ukiitazama unaona mtu na ukuta. Kompyuta haioni hivyo. Kwake picha ni nukta ndogo ndogo zilizopangwa kwa mistari, na picha ya kamera ya megapikseli 12 ina nukta kama milioni 12. Kila nukta ina rangi yake, basi. Hakuna iliyoandikwa "mimi ni shavu" au "mimi ni ukuta". Kumkata mtu ni kuamua juu ya kila nukta: hii ni yake, ibaki, hii si yake, iondoke.

Katikati ya shavu hakuna ubishi. Ugomvi uko pembeni, hasa kwenye nywele, kope, na nyuzi za mtandio, kwa sababu huko nukta moja inaweza kuwa nusu nywele na nusu ukuta. Wenzetu wanaoosha mchanga kwenye karai wanaijua hali hii: mawe makubwa unayatupa kwa mkono, lakini vumbi la mwisho linalong'ang'ania dhahabu ndilo linalokuchosha. Ndiyo maana programu nzuri haisemi ndiyo au hapana tu. Inaipa kila nukta kiwango cha kuonekana, kutoka 0 ambapo haionekani kabisa hadi 255 ambapo inaonekana yote. Unywele mwembamba utapewa kiwango cha katikati. Fundi au programu isiyojali inachagua 0 au 255 peke yake, na hapo ndipo mtu anapata kichwa kama yai.

Njia za kukata ni mbili. Ya zamani ni ya mkono: fundi anafungua Photoshop, programu iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, au GIMP ambayo ni ya bure, halafu anapita pembeni mwa mtu akichora mstari kidogo kidogo. Picha moja yenye nywele inaweza kumla saa nzima. Ya pili ni ya kubonyeza tu. Tovuti ya remove.bg ilianza mwaka 2018, na tangu mwaka 2022 baadhi ya simu za iPhone zinamtoa mtu ukiishikilia picha kwa kidole. Siku hizi programu nyingi za simu za kawaida zinafanya hivyo pia. Programu hizi zimefunzwa kwa picha nyingi mno ambazo watu walikwisha kuzikata, zikazoea umbo la binadamu. Zikipata picha safi, kwa kweli zinamshinda fundi mwenye haraka.

Lakini zinakisia. Mama wa dada yetu alivaa kilemba cha bluu iliyokoza, na nyuma yake alisimama bwana mwenye koti jeusi, jioni, taa hafifu. Nukta za kilemba na za koti zilikuwa karibu rangi moja. Programu ikaona giza limeungana na giza, ikakisia mpaka, ikakosea, na sikio likaondoka na koti. Kwa nini huwa tunasisitiza mwanga? Kwa sababu ngozi nyeusi na nywele nyeusi mbele ya ukuta mweusi hazimpi mtu wala mashine pa kushika.

Kuna la pili. Picha ile ilikuwa imepita makundi manne ya WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, WhatsApp inaibana ili isile bando, na ukingo uliokuwa mstari unakuwa punje punje. Skrinshoti nayo haisaidii. Ukitaka picha ifike ilivyo, itume kama dokumenti, au ipeleke kwenye kadi ya memori. Kama ipo ya karatasi kwenye albamu, ni bora zaidi: iwekwe kwenye skana, isipigwe picha juu ya meza chini ya balbu.

La tatu ni la fundi, na hapa hatumtetei. Alitumia kifutio, akafuta, akahifadhi juu ya faili lile lile. Fundi makini anatumia kile wanachokiita kinyago: sehemu inafichwa, haifutwi, na akikosea anairudisha. Muulize kabla hujalipa: "Ukikosea unaweza kurudisha?" Na mwambie akupe faili la PNG, maana linatunza sehemu zilizo wazi. JPG haliwezi, ukitaka kubadilisha rangi ya nyuma, mtu atakatwa upya.

Vile vidole begani navyo vina somo lake. Kilichofunikwa hakimo kwenye picha. Ukiviondoa vidole, chini yake hakuna kitenge kinachosubiri; kuna shimo. Fundi lazima achukue kipande cha kitenge cha bega jingine akipandikize. Hiyo ni kazi nyingine, na bei nyingine, tusilalamike.

Wala tusidhani mambo haya yameletwa na simu. Omar Said Bakor, mpigapicha wa Lamu, alikuwa akiunganisha picha za wateja wake na picha nyingine miaka mingi kabla ya kompyuta kufika huku. Hiyo ilikuwa kwa furaha. Urusi ya Stalin waliitumia kwa ubaya: Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri, alipoanguka alifutwa kwenye picha aliyosimama kando ya Stalin karibu na mfereji wa maji, na pale alipokuwa pakabaki maji tu.

Kwa hiyo ukitumiwa picha ya "mwekezaji" amesimama kando ya karasha, naye anataka utangulize pesa ya mtambo, angalia kivuli cha miguu yake, angalia jua linampiga upande gani na linaupiga mtambo upande gani. Kasoro ukiiona, umepona. Usipoiona, bado picha haijathibitisha kitu, maana mkato mzuri hauachi alama. Mpigie kwa video, mwambie atembee aukaribie huo mtambo. Namba ya tapeli anayekutumia ujumbe wa pesa unaipeleka 15040, bila malipo.

Tumrudie dada yetu. Mazishi yalipita na picha ile mbaya, hilo halirudi. Baadaye binamu yake wa Chunya akapata picha ya karatasi ya harusi ile ile, wakaiweka kwenye skana, na fundi mwingine akaikata kwa mkono kwa siku mbili. Sikio lipo, na hereni yake. Fundi huyo aliuliza kwanza vidole vile ni vya nani. Vilikuwa vya mjomba, kaka wa mama, naye hayupo tena. Familia ikamwambia asivitoe. Wamekatwa wote wawili pamoja, wako ukutani sebuleni.