Taa ya ABS inayowaka na kuzimika: Usiizibe, tafuta chanzo chake

MVUA ilikuwa imetoka kunyesha tulipofika Lwera, pale barabara ya Masaka inapokatiza kinamasi kati ya Lukaya na Kayabwe. Tulikuwa tunatoka Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania, tukiwa na magunia 40 ya mchele.

Ghafla bodaboda ikakatiza mbele yetu. Dereva wangu akakanyaga breki kwa nguvu. Magurudumu ya mbele yakafunga, usukani ukawa haufuati mkono, na lori likateleza moja kwa moja hadi kwenye matope ya pembeni.

Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Lakini tulipokuwa tunapakua magunia ili lori livutwe, nilikuwa najua jambo ambalo sikumwambia mtu. Gari lile lilikuwa limenionya kwa miezi miwili, nami nikalinyamazisha.

Lori hilo la tani 4, lililotengenezwa Japani katika miaka ya 1990, nililinunua kwa akiba yangu niliporejea Kampala baada ya miaka 11 ya kazi Dubai. Kama wengi wetu tunaorudi nyumbani, nilijua kutafuta pesa kuliko nilivyojua magari.

Taa ya njano ya ABS ilianza kuwaka siku za mvua, hasa kwenye matuta. Jua likitoka inazimika, hata wiki nzima. Fundi wa kwanza alitazama dakika tano tu, akaniambia kompyuta ya breki imekufa na niandae zaidi ya shilingi milioni 2. Wa pili akaniuliza, "Breki si zinashika? Basi tuizibe." Akabandika tepu nyeusi juu ya taa, nami nikamlipa.

Dereva niliyemwajiri wiki tatu baadaye hakuwahi kuiona taa hiyo. Aliamini breki alizopewa.

Taa inasema nini

Baada ya Lwera, rafiki alinielekeza kwa fundi wa umeme wa magari huku Bukoto, jirani na barabara ya kwenda Kisaasi. Ni kijana mtaratibu. Kabla ya kugusa gari alichukua daftari na kuanza kuniuliza maswali kama daktari.

"Mzee, inawaka lini? Gari likiwa la baridi au la moto? Ukikata kona ya kulia au ya kushoto? Penye matuta au penye lami nzuri? Baada ya mvua au hata kiangazi?"

Nilimjibu kwamba ni mvua na matuta, na mara nyingi ninapokata kona. Akatabasamu. "Kompyuta haijui mvua wala kona," akasema. "Waya ndio unaojua."

Alinieleza kwamba kwenye gurudumu kuna pete ya chuma yenye meno, na karibu yake kuna sensa, ambayo katika magari ya zamani ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Meno yakipita mbele ya sumaku, umeme mdogo huzalishwa. Kompyuta huuhesabu na kujua kila gurudumu linakwenda kwa kasi gani. Moja likitaka kufunga wakati mengine bado yanazunguka, kompyuta hulilegezea breki na kuishikisha tena, mara nyingi kwa sekunde moja, ili usukani uendelee kukutii.

Si teknolojia ngeni. Bosch na Mercedes-Benz waliitoa kwenye gari dogo mwaka 1978, na malori yakafuata mwaka 1981. Marekani iliifanya ya lazima kwa vichwa vipya vya matela kuanzia Machi 1997. Ndiyo maana hata lori kuukuu linaloshushwa Mombasa au Dar es Salaam linaweza kuwa nayo.

Taarifa ya gurudumu moja ikipotea, hata kwa muda mfupi, kompyuta hujitoa kazini na kuwasha taa. Breki za kawaida hubaki, lakini ule msaada wa kuzuia magurudumu yasifunge haupo. Katika magari mengi, ukizima na kuwasha tena, na taarifa ikarudi, taa huzimika. Hapo ndipo tunapodanganyika kwamba gari limepona.

Alivyoutafuta ugonjwa

Alianza na vitu visivyo na gharama. Alipima betri na chaji ya altaneta, maana umeme ukishuka taa inaweza kuwaka bila kosa la breki. Akaangalia fyuzi, mafuta ya breki na matairi. Kwa matairi alisisitiza sana, kwa sababu wafanyabiashara wengi hufunga mitumba ya ukubwa tofauti. Tairi dogo huzunguka haraka kuliko mwenzake, na kompyuta huliona kama kosa.

Kisha akaunganisha vituo viwili kwenye plagi ya uchunguzi kwa kipande cha waya, akahesabu taa ilivyopepesa. Magari mengi ya Japani ya miaka ile huhifadhi kosa kwa namna hiyo, lakini vituo hivyo na maana ya hesabu lazima visomwe kwenye kitabu cha gari husika. Kwangu kosa lilielekeza kwenye gurudumu la mbele kulia.

"Wengi hapa hukimbilia Kiseka kununua sensa," alisema, akimaanisha soko maarufu la spea mjini. "Lakini kosa linakuonyesha mtaa tu, halikuonyeshi nyumba."

Akapiga jeki. Alilitikisa gurudumu kusikia kama beringi imelegea, kwa sababu beringi iliyochoka huisogeza pete mbali na sensa. Akatazama pete kama ina kutu au jino lililovunjika, akafuta vumbi la chuma lililonaswa na sumaku. Vyote vilikuwa salama.

Mwisho akachomoa plagi ya sensa, akaunganisha mita na kupima ukinzani. Akalinganisha na upande wa kushoto: zilikaribiana. Halafu akaniambia nizungushe usukani polepole huku yeye akiutikisa waya kidogo kidogo. Nilipofika mwisho wa kulia, namba kwenye mita zikapotea. Niliporudisha, zikarudi.

Ugonjwa ulikuwa pale. Waya ulikuwa umesuguliwa pale unapojikunja gurudumu linapokata kona. Mtu wa zamani aliwahi kuukata na kuuunganisha kwa kusokota na tepu. Maji yakaingia, shaba ikageuka kijani. Kila mvua na kila tuta viliukata na kuuunganisha upya.

Aliondoa kipande kilichooza, akaunga kwa risasi, akafunika kwa mpira unaobana ukipashwa moto, akaufunga waya mbali na tairi na kuuachia ulegevu wa kutosha kwa kona. Akafuta kosa, tukaenda hadi Northern Bypass na kurudi. Taa haikuwaka. Nililipa shilingi 90,000, na miezi mitano ya mvua na jua imepita bila taa kurudi.

Kwa anayenunua na anayesafiri

Kabla hujalipia gari la mtumba, fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya ABS inapaswa kuwaka sekunde chache, kisha izimike yenyewe au mara uanzapo kwenda. Isipowaka kabisa, usifurahi. Huenda balbu imetolewa au imezibwa, kama nilivyofanya mimi.

Taa ya njano ikiwaka njiani, punguza mwendo na uongeze nafasi kati yako na gari la mbele, hasa kwenye utelezi. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, simama mahali salama na usiendelee hadi fundi aone, kwani hapo hata breki zenyewe zinaweza kuwa na hitilafu.

Weka daftari garini. Andika siku, hali ya hewa, kona na barabara. Fundi mwenye maelezo hayo atakuokolea pesa kuliko fundi mwenye haraka.

Yule wa Bukoto alipomaliza, alibandua ile tepu nyeusi na kunikabidhi mkononi bila kusema neno. Jioni hiyo nilimwita dereva wangu, nikamweleza yote na kumwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mzee, kuna taa nyingine uliyoiziba?"

Nilimjibu hapana. Hata hivyo, kesho yake alfajiri nilimkuta amefungua swichi, anahesabu taa za dashibodi moja baada ya nyingine. Siwezi kumlaumu.