Mkongwe na Mgeni Katika Kazi Moja

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, taasisi zinapounganishwa, vitabu vya hesabu huungana kwa siku moja, lakini nyoyo huchelewa. Agosti 1, 2018, mifuko minne ya pensheni, PSPF, LAPF, GEPF na PPF, ilifanywa mfuko mmoja wa PSSSF. Katika muungano wa namna hii, popote pale, hata hapa Sumbawanga, mtumishi hujiuliza: Je, miaka yangu itahesabiwa? Aliyekuwa chini yangu atakuwa juu yangu?

Swali hilo si dhambi. Katika Suratul Hadid, aya ya 10, Allah anabainisha kuwa waliotoa mali na kupigana kabla ya Ushindi hawalingani na waliofuata. Hata hivyo, wote amewaahidi mema. Sayyidna Abubakar (R.A.) aligawa mali sawa kwa sawa, Sayyidna Umar (R.A.) akawazidishia waliotangulia katika Uislamu. Rai zilitofautiana, udugu ukabaki.

Basi mwenye mamlaka aweke kanuni iliyo wazi, na aliyepunjwa adai haki yake kwa utaratibu. Asimchukie mwenzake ambaye hakuitunga kanuni hiyo. Hata asiye Muislamu, na hapa Ufipa ndio wengi wa jirani zetu, Suratul Maida, aya ya 8, inatuamrisha tumfanyie uadilifu.

Nasi majumbani, mume au mke akirudi kazini na uchungu, tumsikilize, tusimchochee. Tumwombe Allah aziondolee nyoyo zetu kinyongo.

Wabillahi tawfiq.